Naomba ushauri: printa kwenye Linux, wageni wa Linux nawarahisishiaje?

Habari zenu wakuu. Nina steshenari ndogo, kompyuta zote nimezihamishia Linux Mint (mfumo endeshi, tofauti na Windows) maana mashine zenyewe za zamani na virusi vya kwenye flashi za wateja vilikuwa vinatumaliza. Mengine yote fresh, shida printa. Ile mpya ya waifai haina noma, unaiwasha inajitokeza yenyewe bila hata kutafuta draiva. Ila leza kuukuu ya waya ndo inatutesa, asubuhi inachapa vizuri, mchana ukichomoka waya kidogo tu inajiweka Paused (inasimama), dada wa kaunta haelewi anabonyeza tena na tena, foleni inajaa CV za watu, mi niko mjini napigiwa simu "kaka printa imegoma".

Namwelekeza kwa simu afungue brauza aandike localhost:631 (ukurasa wa CUPS, mfumo unaosimamia printa kwenye Linux), aende Printers, achague Resume Printer (iendelee kuchapa), hapo inamuomba jina na pasiwedi anachanganyikiwa, na pasiwedi ya admini simpi ng'o.

Sasa wenye uzoefu, nikimwingiza kwenye grupu la lpadmin (wanaoruhusiwa kusimamia printa) atumie pasiwedi yake inatosha au namfungulia mengi mno? Pia nimeona kwenye CUPS naweza kubadili error policy (printa ifanye nini ikipata hitilafu) kutoka stop-printer, yaani isimame, niweke retry-job, yaani ijaribu tena, je haitanichapia karatasi ileile mpaka rimu iishe? Au nimtengenezee tu aikoni moja kwenye desktop inayoendesha cupsenable (amri ya kuiamsha printa iliyosimama), abonyeze yaishe? Mliofundisha watu wasiojua kabisa Linux, mlianzia wapi?