Picha ya chapa isifiwe kwa mchongo au kwa rangi?

Mleta Mada (Ujiji): Ndugu zangu, juzi niliitazama picha ya kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, aliyechonga mbao tatu za mninga na kuchapa wavuvi wa dagaa wa Kibirizi usiku, taa zikiwaka mitumbwini. Mzee mmoja aliyesimama kando yangu alisema ingefaa ibaki nyeusi tupu, kwa kuwa rangi huficha mkono wa mchongaji. Sikubaliani naye hata kidogo. Kijana huyo alianza na manjano, akafuatia buluu nyepesi, akamalizia na nyeusi. Ukiisogelea karatasi unaona kila taa imezungukwa na pete ya kijani, ilhali wino wa kijani haukuguswa kabisa. Aliipata kwa kupitisha buluu juu ya manjano. Naomba maoni yenu.

Fundi Patasi (Tabora): Mimi nasimama na mzee huyo. Kinachobeba picha ya chapa ni mchongo. John Muafangejo wa Namibia alichonga lino, lile tandiko la sakafu linalochongeka kama ubao, na kuchapa kazi zake nyingi kwa wino mweusi peke yake, na hazikupungukiwa na kitu. Tatizo ni kwamba macho ya watu wa Kigoma yamelelewa na vitenge vya Kongo, kwa hiyo kisichong'aa hawakioni.

Binti wa Mwanga: Kaka Fundi, la Muafangejo nakuachia, lakini hilo la vitenge siwezi kulinyamazia. Mama yangu anauza vitenge tangu sijazaliwa, na ndiye aliyenifundisha kutazama rangi. Hukikunjua kitambaa, akakigeuza upande wa ndani aone kama rangi imepenya au imekaa juu juu, kisha akatafuta mahali ambapo ua limehama mstari wake. Mtu anayetazama hivyo humwambii kwamba anafuata mng'ao.

Msomaji wa Kasulu: Tena vitenge vya nta asili yake si Kongo. Ni vya Wajerumani, kama sikosei.

Mwalimu wa Sanaa (Tabora): Ni Waholanzi, ndugu yangu. Waliiga batiki ya Java, na kiwanda chao mashuhuri kilianzishwa Helmond mwaka 1846. Labda Wajerumani umewakumbuka kwa ajili ya ile buluu iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ambayo baadaye ilifika Japani na kutumika katika picha ya wimbi kubwa ya Hokusai, mchoraji wa huko, iliyochapwa yapata mwaka 1831. Wimbi hilo Hokusai alilichora tu. Kuchonga mbao na kuzipaka wino ilikuwa kazi ya mafundi wengine. Kwa hiyo mimi ningeuliza kwanza sifa ya rangi ni ya nani.

Fundi Patasi (Tabora): Mwalimu, hilo ni swali jingine. Nami sikumtaja mama wa mtu. Nilichosema, na ninakirudia, ni kwamba nimeona chapa nyingi ambazo mchongo wake ni dhaifu na rangi imeletwa kuufunika. Kwenye nyeusi patasi ikiteleza kosa linabaki wazi mbele ya kila mtu, na ndiyo maana ninaiheshimu.

Binti wa Mwanga: Na kwenye rangi tatu, je? Karatasi ile ile hulazwa juu ya mbao tatu kwa zamu, na ikisogea upana wa uzi tu, mwanga wa taa unaangukia majini badala ya mtumbwini. Kosa hilo nalo haliwezi kufichwa. Mama angeliona akiwa mlangoni.

Mleta Mada (Ujiji): Dada, nimerudi kuitazama leo asubuhi kwa sababu ya maneno yako. Taa ya mtumbwi wa kushoto imehama kidogo, na pete yake ya kijani ni nene upande mmoja. Zile nyingine sita zimekaa sawasawa.

Fundi Patasi (Tabora): Sita kati ya saba, kwa mbao za mninga? Basi nitakuja niione mwenyewe. Lakini suala la vitenge bado hatujalimaliza.