Aliyechomwa mwili anafufuka? Naomba ushauri wa haraka

Mtoto wa Kihamba: Wakuu habari zenu. Nimefiwa na kaka yangu aliyekuwa Uingereza. Wajuvi wa Biblia nijibuni: mtu akichomwa yakabaki majivu, siku ya mwisho anafufuka na mwili gani? Usingizi sipati. Matusi sitaki.

Baba Neema: Pole mkuu. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, 3 Juni 1886, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu. Soma 1 Wakorintho 15. Paulo anasema ukipanda, huupandi mwili utakaokuwa, unapanda chembe tupu.

Shemeji Wenu: Sisi mjomba tulimrudisha kutoka ughaibuni, tukachanga mpaka ng'ombe wa mahari wakauzwa. Jeneza kufika, haliingii kwenye pikapu ya mzee! Msiba wa nje usikie kwa jirani tu.

Dada Mlokole: Swali si majivu. Marehemu alikuwa ameokoka?

Jiwe la Pembeni: Mleta mada unazunguka. Ameshachomwa au bado? Na nyumbani wanajua?

Mtoto wa Kihamba: Ameshachomwa. Mkewe alinipigia nikakubali, hela ya kusafirisha mwili hatuna. Majivu alinikabidhi yeye mwenyewe, yako kwangu Dar, kabatini juu ya mashuka, kwenye kopo la kahawia lenye stika ya jina. Bi mkubwa hajui. Yuko Kibosho anasubiri mwili, kaburi limeshapimwa migombani ubavuni mwa mzee. Nimewaza nitie kopo kwenye jeneza, nipige misumari, tuzike bila kufungua. Ana presha, namlinda. Fundi nimeshampa advansi.

Shemeji Wenu: Wabebaji watalinyanyua kwa kidole. Ongeza mkungu wa ndizi.

Baba Neema: Kuchoma Kanisa Katoliki liliruhusu tangu 1963, ila waraka wa 2016 unataka majivu yazikwe mahali patakatifu, si kukaa na mashuka. Mpeleke paroko kwa mama, amweleze taratibu. Anakiri ufufuko wa wafu kila Jumapili, kopo litamshinda?

Mtoto wa Kihamba: Hammjui mama yangu. Kwake ufufuko ni kaka kuinuka pale pale migombani na sura yake ile ile. Nikimwambia majivu ataniuliza, "Nitamtambuaje?" Nijibu nini? Paroko ataambiwa baada ya mazishi.

Baba Neema: Maria Magdalena alimwona Yesu mfufuka akadhani ni mtunza bustani. Alipoitwa jina ndipo akamtambua. Mjibu hivyo.

Chai Maharage: Ngojeni kwanza. Kwenye uzi wa mirathi huyu huyu aliandika kazaliwa peke yake, shamba lote lake. Kaka katokea wapi? Hii chai, na tangawizi hamna.

Jiwe la Pembeni: Nimeufufua huo uzi. Kweli kabisa.

Mtoto wa Kihamba: Ni mtoto wa baba mkubwa, kalelewa na mama yangu. Kwetu huyo ni kaka. Mnataka nipige picha kabati?

Shemeji Wenu: Piga.

Dada Mlokole: Hajajibu bado. Alikuwa ameokoka?