Kati ya RAV4, X-Trail, Forester na Escudo, lipi litanigharimu kidogo kwa miaka 8?

MsafiriWaSongea aliuliza:

Wakuu, salaam. Naishi Dar es Salaam, na mara nne au tano kwa mwaka husafiri kwenda Songea kuwaona wazazi, safari inayopita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, kisha mwishoni kuna kama kilomita 30 za vumbi ambazo masika hugeuka tope la kukwamisha hata trekta. Gari dogo nililonalo limenichosha kwa kugonga chini. Nimeweka akiba ya kununua SUV ya mtumba kutoka Japan, na nakusudia kukaa nayo miaka 8 kabla ya kuiuza.

Nimechuja nikabaki na nne: RAV4 ya kizazi cha tatu, X-Trail T31, Forester (SG5 au SJ5) na Suzuki Escudo ya kuanzia mwaka 2005. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza hunijibu kana kwamba tunazungumzia Simba na Yanga: Toyota ni Toyota, Subaru inakula mafuta, X-Trail ukinunua hutaiuza. Mimi nahitaji hesabu. Fedha ya kununulia ninayo. Ninachohofia ni mwaka wa nne na wa tano, gari likianza kudai. Kwa mwaka nitatembea kilomita 15,000 hivi. Wenye uzoefu wa kumiliki gari moja kwa muda mrefu naomba mnisaidie.

Spana17 alijibu:

Ndugu Msafiri, mimi ni fundi, na ningekuomba kwanza uache kuuliza kampuni, uulize injini na gia boksi. Hakuna kampuni kati ya hizo nne iliyotengeneza gari lilelile kwa miaka 20 mfululizo. RAV4 nyingi za kizazi cha pili zilizouzwa Japan zilikuwa na injini ya 1AZ-FSE, ya mfumo wa D-4 unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nayo hujaza masizi kwenye njia ya hewa na kumsumbua fundi asiye na kifaa cha kuipima. RAV4 unayoitaka wewe, ACA31 au ACA36, ina 2AZ-FE ya cc 2,362, injini inayotumia cheni kuendesha valvu, isiyo na mkanda wa kubadilisha, na spea zake Gerezani unazikuta hadi kwenye mabanda ya nje.

Hata hivyo usije ukaichukulia kuwa haina lake. 2AZ-FE za miaka ya 2006 hadi 2008 zina tabia ya kula oili kutokana na ringi za pistoni, jambo ambalo Toyota yenyewe ililishughulikia kule Marekani kwa kuongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo. Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Gari halitoi moshi wa kutisha wala halipotezi nguvu. Linakunywa oili kidogo kidogo, na mwenye gari asiye na mazoea ya kuchomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, anagundua siku injini imeanza kugonga, wakati ambapo nakuwa sina la kumsaidia zaidi ya kumtafutia injini nyingine.

Forester inasemwa vibaya kwa makosa ambayo mengi si yake. Sifa ya kuvujisha gasketi ya hedi imetokana hasa na injini ya EJ25 ya cc 2,500 iliyouzwa sana Marekani, ilhali SG5 nyingi zinazotufikia zina EJ20 ya cc 2,000, ambayo haina historia nzito kiasi hicho. Kinachoziua hapa kwetu ni mkanda wa taimingi. Unatakiwa kubadilishwa ukifika kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Mtu ananunua gari linalosoma kilomita 92,000, anaendesha miaka miwili bila kuuliza, kisha anasema Subaru ni mbovu. SJ5, iliyoanza mwishoni mwa 2012, ina FB20 ya cheni, kwa hiyo hofu hiyo haipo, ila nyingi zina CVT, yaani gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua.

Escudo ndilo gari ninaloliona mara chache zaidi gereji, na sehemu ya sababu ni kwamba yapo machache. Injini ya J20A au J24B ni ya cheni, gia boksi ni ya kawaida ya otomatiki, chini kuna fremu iliyounganishwa na bodi, na lina gia ya chini ya kuvukia tope ambayo kwa kawaida hayo mengine matatu hayana. Lina uzito na linakunywa mafuta. Ukilijaribu, funga vioo usikilize mlio wa difu ya mbele ukiwa kwenye mwendo wa 60 hadi 80.

Kuhusu X-Trail T31 nitawaachia wengine. Nakumbusha jambo moja tu ambalo madalali hawalisemi: RAV4 ya ACA31 ya soko la Japan nayo ina CVT. Anayekimbia X-Trail kwa sababu ya CVT akanunua RAV4 hiyo, hajakimbia kitu.

HesabuKwanza alijibu:

Naongezea upande wa fedha, kwa kuwa ndio ulioulizwa.

Mafuta kwanza, maana ndiyo yanayokula fedha kuliko fundi yeyote. Kwa kilomita 15,000 kwa mwaka, gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litahitaji lita 1,500, na linalokwenda kilomita 8 litahitaji lita 1,875. Tofauti ni lita 375. Tukichukulia lita moja kuwa shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 1,125,000 kwa mwaka na milioni 9 kwa miaka 8. Watu wanaogopa gia boksi ya mtumba watakayoinunua mara moja, lakini hawaogopi kilomita mbili pungufu kwa kila lita, ambazo wanazilipia kila wiki pale kituoni. Escudo linalosifiwa hapo juu liko upande wa kilomita 8 au chini yake kwa foleni za Dar, kwa hiyo uimara wake unaulipia kwenye pampu.

Pili ni kodi, kama unaagiza mwenyewe. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT ni asilimia 18 kwa magari yote hayo, lakini ushuru wa bidhaa unategemea ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa gari la kati ya cc 1,000 na 2,000, asilimia 10 likizidi hapo. Juu yake kuna tozo ya uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 likipita miaka 10. Kwa umri wa magari uliyoyataja, hiyo asilimia 30 huiepuki isipokuwa kwa SJ5 za mwishoni. Na kumbuka kwamba TRA wanakadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wao, siyo kwa bei uliyopatana na muuzaji wa Japan.

Tatu ni bei ya kuuzia, na hapa ndipo ule msemo wa Toyota ni Toyota unapopata ukweli wake. Tuseme unanunua gari A kwa milioni 30 na baada ya miaka 8 unaliuza kwa 16, na gari B unalinunua kwa milioni 23 ukaliuza kwa 7. Gari A limekupunguzia milioni 14, gari B milioni 16. Lile la bei rahisi limekuwa ghali zaidi kabla hujabadilisha hata plagi. Mfano huo ni wangu, lakini ukikaa yadi yoyote ukasikiliza mnunuzi anavyoanza kwa kuuliza kama ni namba D au E (herufi ya usajili inayoonyesha gari limeandikishwa nchini karibuni kiasi gani), kisha kama ni Toyota, utaona kwa nini soko liko hivyo. Mnunuzi wa Kitanzania huwa hanunui gari tu, ananunua na uhakika wa kuliuza.

Bima kubwa, matairi na bushi sitavihesabu kwa sababu havitofautishi sana magari haya. RAV4 na Escudo nyingi huvaa hata saizi ileile ya tairi, 225/65R17.

KovuLaKitonga alijibu:

Nisimulie langu, na jina la gari wala la gereji sitalitaja, kwa kuwa mwishowe nilijiona na mimi nina fungu langu la lawama.

Nilikuwa na SUV yenye CVT, nzuri, tulivu, na kwa miaka miwili haikunidai zaidi ya oili na brekipedi. Kabla ya safari ya Iringa niliipeleka sevisi kwenye gereji yenye bango zuri na sakafu ya vigae, nikaacha funguo nikaenda kazini. Wiki mbili baadaye nilikuwa napanda mlima Kitonga, kabla ya kufika Iringa, nyuma ya lori la mafuta. Nilipokanyaga ili nipishane nalo, mshale wa injini ulipanda hadi 4,000 na mwendo ukabaki 30. Nikakanyaga tena, injini ikalia kwa juu kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi, gari likazidi kupoa mwendo, na nyuma yangu mabasi yakaanza kupiga honi. Tulikaa pembeni hadi jioni, mke wangu na watoto wamekaa juu ya jiwe, ndipo tukavutwa hadi Iringa mjini.

Fundi wa Iringa hakugusa kompyuta kwanza. Aliniuliza kama nina risiti ya sevisi. Niliichomoa kwenye droo ya dashibodi, na mstari wa tatu ulikuwa umeandikwa: ATF, lita 5. ATF ni oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, na CVT haiwekewi hiyo. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Nissan wana NS-2 na NS-3 zao, Toyota na Subaru wana za kwao. Nilikuwa nimebeba hukumu yangu kwenye droo kwa wiki mbili.

Baada ya hapo sikuchukia CVT. Gari lililofuata nililonunua lina CVT vilevile, na oili yake nainunua mwenyewe, naisimamia ikimwagwa, na nabadilisha kila kilomita 40,000 bila kusikiliza anayesema imejazwa ya maisha. Kwa haki ya X-Trail, Nissan waliongeza dhamana ya CVT zao nyingi za miaka ya 2003 hadi 2010 kule Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000, kwa hiyo malalamiko ya wenye magari hayakuwa ya kubuni. T31 iliyotunzwa ni gari la bei nzuri. Wewe ndugu yangu, hata hivyo, unapanda Kitonga na mzigo wa kwa wazazi, kisha unaingia kwenye tope ambalo gurudumu linateleza na gia boksi inachemka. Kwa njia hiyo mimi ningechukua gia boksi ya kawaida.

BandarikwaBandari alijibu:

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, na huku sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Escudo na T31 za kuagiza hatuzipati tena. Tunazozizungumza ni zile ambazo tayari zimo nchini. Nawaonea wivu kidogo kwa kuwa na uchaguzi, ingawa ile tozo yenu ya uchakavu inaumiza.

Sijaona aliyetaja kutu. Magari ya kaskazini mwa Japan hutembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hukaa chini ya gari. Kisha gari linaletwa pwani yetu, kwenye hewa ya bahari, likamalizikie hapo. Injini inaweza kuwa nzima kabisa huku mabomba ya breki yakioza. Omba karatasi ya mnada wa Japan, utazame mchoro wa gari: herufi S ni kutu, C ni chuma kilicholika, na gredi ya R au RA maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Muuzaji asiye na karatasi hiyo mwambie akuinulie gari kwenye jeki, uingie na tochi. Escudo hasa, kwa sababu ya ile fremu yake.

MsafiriWaSongea aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeiondoa X-Trail, na Forester nimeiweka pembeni kwa kuwa SG5 zote nilizoonyeshwa hakuna mwenye ushahidi wa mkanda kubadilishwa. Kuna mtu Tegeta anauza Escudo ya cc 2,000 ya mwaka 2008, namba D, mmiliki mmoja tangu iingie. Yadi moja nayo ina RAV4 ya 2007. Kwa hesabu ya mafuta RAV4 inashinda, kwa ile njia ya kijijini Escudo inashinda. Ndugu Spana17, Jumamosi nakwenda kuziona zote mbili. Nianze na nini?

Spana17 alijibu:

RAV4 ya 2007 iko ndani ya ile miaka niliyokutajia, kwa hiyo chomoa dipstiki kabla hujasalimiana na muuzaji. Oili ikiwa chini au ikiwa mpya inayong'aa, muulize ilimwagwa lini na imepungua kiasi gani tangu hapo, umtazame usoni wakati anajibu. Kwa Escudo, ingia kwenye tope au mchanga wowote ulio karibu uweke gia ya chini, uhakikishe inaingia na kutoka. Wengi wanaziuza hawajawahi kuigusa hata siku moja, na kitu kisichotumika hukwama.

Ila usiende mchana. Nenda saa kumi na mbili alfajiri bila kupiga simu kwanza, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, kuna mtu amelipasha kabla yako, na mlio wa kuwaka baridi uliokuwa unautaka umeshaukosa.