Kupika bwenini chuoni: vyombo vinavyoruhusiwa, vinavyokatazwa, na sababu zake

Ndugu zangu, salaam.

Wanaohamia mabwenini wanauliza swali moja: ninunue chombo gani cha kupikia? Naomba msinunue chochote kabla ya kusoma mwongozo wa makazi wa chuo chenu, ule unaotajwa ndani ya mkataba wa chumba. Kipengele cha vifaa vya umeme kimo humo, na ukishaweka saini umekikubali hata kama hukukisoma. Kifaa kilichokatazwa kikikutwa kwenye ukaguzi huchukuliwa, na kwingine faini hufuata.

Orodha hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, lakini makatazo mengi yanatokana na mambo mawili. La kwanza ni koili inayowaka ikiwa wazi. Hapo wanaingia jiko la umeme la sahani, tosta, oveni ndogo ya mezani na hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji. Karatasi au pazia likigusa koili hushika moto, na vingi kati ya vifaa hivi havijizimi vyenyewe. Kikaango cha hewa huwachanganya watu kwa sababu kinaonekana kimefungika. Ukikifungua utaona koili na feni juu yake. Kinavuta wati 1,400 hadi 1,700, na mafuta yanayorukia koili hutoa moshi. Ndiyo maana vyuo vingi vinakikataza hata pale vinaporuhusu maikrowevu.

Jambo la pili ni mzigo wa umeme, na hapa ndipo wengi hukwama. Chukueni Marekani: soketi ni volti 120, na sakiti ya kawaida ya chumba ni ampea 15. Zidisha, unapata wati 1,800, tena kwa mzigo wa saa nyingi mfululizo hutakiwi kuvuka asilimia 80, yaani wati 1,440. Sakiti hiyo moja inaweza kulisha soketi zote za chumbani kwako na za jirani pia. Sasa tazama maikrowevu iliyoandikwa wati 700. Hiyo ni nguvu inayoingia kwenye chakula. Ukutani inavuta kama wati 1,100. Mwenzako akiwasha birika la umeme la wati 1,500 wakati huo huo, mmefika wati 2,600, karibu ampea 22. Breka, yaani swichi ya usalama ya sakiti hiyo, itakata, na kwa kuwa boksi la breka mara nyingi hufungwa kwa ufunguo, mtakaa gizani hadi fundi wa zamu aje. Kubalianeni mapema: chombo kimoja cha joto kwa wakati mmoja.

Kuna vyuo vya Marekani vinavyokodisha friji iliyounganishwa na maikrowevu kama kifaa kimoja. Ukiwasha maikrowevu, saketi ya ndani husimamisha friji kwa muda, hivyo mzigo hauzidi. Kama chuo chako kinaruhusu hicho tu, usilete maikrowevu ya peke yake ukidhani ni sawa.

Kabla ya kulipa, geuza kifaa usome kibao chake cha taarifa chini au nyuma: volti, ampea, wati. Marekani tafuta alama ya usalama ya UL au ETL, Uingereza UKCA au CE. Kisha piga picha kibao hicho, itume kwa ofisi ya makazi kwa barua pepe, na uulize moja kwa moja kama kifaa hicho kinaruhusiwa chumbani, si jikoni tu. Tunza jibu. Neno la mdomo la mwanafunzi wa zamu halitakusaidia siku ya ukaguzi.

* * *

Jibu:

Kaka ameeleza vizuri. Naongeza upande wa Uingereza, kwa sababu hesabu zake ni tofauti. Umeme ni volti 230 na plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani, kubwa kabisa ikiwa ampea 13, yaani kama wati 3,000. Birika moja la Uingereza linaweza kufikia wati 3,000 peke yake. Maana yake ni kwamba ekstensheni yenye matundu manne haina nguvu ya soketi nne. Tundu zote zinagawana ampea 13 za plagi moja. Birika na kibaniko cha mkate kwenye ekstensheni moja huweza kuunguza fyuzi. Na kama mtu ameweka fyuzi isiyo sahihi, kinachoungua ni waya. Friji, maikrowevu na birika vichomekwe ukutani, na ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine. Vyuo vingi huko hudai pia vifaa vya umeme vilivyokwishatumika viwe vimepimwa na kubandikwa stika ya upimaji, kwa hiyo chombo ulichopewa na mtu aliyehitimu kinaweza kukataliwa kwa kukosa stika tu.

Kuhusu ving'ora, liko jambo ambalo watu huambiwa bila kuelezwa sababu: mlango wa jiko la pamoja ufungwe wakati wa kupika. Katika mabweni mengi, kihisi cha jikoni hupima joto, hivyo moshi kidogo wa kukaanga haukiamshi. Cha korido hupima moshi. Ukizuia mlango wa jiko kwa kiti ili upate hewa, moshi ule ule usio na madhara unatoka koridoni, king'ora kinalia, na watu wa jengo zima wanashuka chini usiku wa manane. Washa feni ya kutoa moshi kabla ya kuwasha jiko, fungua dirisha, funga mlango. Mlango huo ni wa kuzuia moto, na kuuzuia usifunge ni kosa peke yake.

Chumbani kihisi huwa ni cha moshi, na mvuke mzito huweza kukidanganya. Usiweke birika au chombo cha kupikia wali chini yake, wala chini ya rafu, maana mvuke hulowesha mbao na kupanda moja kwa moja. Kukifunika kihisi kwa mfuko au soksi msithubutu. Ni kosa ambalo vyuo havilisamehi kirahisi, mtu anaweza kupoteza chumba, na sababu ni ya haki: wenzako wamelala.

Tena, majiko ya pamoja mengine yana swichi ya muda ukutani. Unabonyeza, jiko linapata umeme kwa dakika kadhaa, kisha linakata lenyewe. Mgeni hudhani jiko ni bovu. Tafuta kitufe chenye taa karibu na jiko, na ukipika kitu cha muda mrefu bonyeza tena kabla hakijakata.

* * *

Jibu:

Swali: nina birika zuri la volti 240 na sufuria za alumini. Nikienda Marekani nikanunua adapta, si vitatumika? Na kule chumbani wanaruhusu birika, lakini “linalojizima”. Linajulikanaje?

* * *

Jibu:

Dada, adapta hubadilisha umbo la pini tu. Volti hubaki zile zile za ukutani. Birika la wati 2,200 lililotengenezwa kwa volti 240 likipewa 120 linatoa robo ya nguvu yake, wati 550. Maji ya lita 1.7 yatachukua kama dakika 20 badala ya 5. Halitaungua, lakini halikufai. Kinyume chake ndicho cha hatari: kifaa cha joto cha volti 120 ukikichomeka kwenye 240 kinajaribu kuvuta mara nne ya nguvu yake, na koili inaungua au plastiki inayeyuka. Transfoma inayobeba wati 1,500 ni nzito, inapata joto, na mabweni mengi hayaitaki. Vyenye koili acha nyumbani. Chaja ya simu na ya kompyuta iliyoandikwa 100–240 haina tatizo.

Birika linalojizima lina kibati kidogo cha metali mbili, kwa kawaida karibu na mpini au chini ya swichi. Maji yakichemka, mvuke unapita kwenye tundu hadi kwenye kibati hicho, kinapinda kwa joto, na swichi inaruka kwa sauti ya “tak”. Basi jaribu hivi dukani au siku ya kwanza: chemsha maji kidogo, mfuniko ukiwa umefungwa. Lisiporuka ndani ya nusu dakika hivi tangu maji yachemke kwa nguvu, hilo si lenyewe. Ukiacha mfuniko wazi, hata birika zuri halitajizima, kwa sababu mvuke unatoka juu na haufiki kwenye kibati. Ukijaza kupita mstari wa juu, maji yanatapika kwenye soketi. Na birika ni la maji tu. Maziwa, supu au mayai vikiungulia chini, joto halisambai na usalama wake unaharibika.

Sufuria za alumini zitategemea jiko utakalokuta. Kwenye jiko la kioo la kawaida zitafanya kazi ikiwa kitako ni bapa. Kilichobonyea kinagusa pembeni tu na chakula kinaiva upande mmoja. Kwenye jiko la indaksheni, linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, hazitapata joto kabisa. Jaribio lake ni sumaku ya mlango wa friji: ikishika kitako kwa nguvu, sufuria inafaa, ikidondoka, haifai. Nunua moja ya chuma ya lita 3 yenye mfuniko na kikaango kimoja, vinatosha kuanzia.

* * *

Jibu:

Nizungumzie chakula chenyewe, kwa sababu kuna hatari moja ambayo orodha za chuo hazitaji.

Mabweni mengine yanaruhusu sufuria ya umeme ya kupika taratibu, ile ya kuacha saa 6 au 8, kwa vile haina koili wazi na inatumia umeme mdogo. Msipike humo maharage mekundu makavu moja kwa moja. Maharage hayo yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na mchemko wa kweli, na sufuria hii mara nyingi haifiki huko. Joto la kama nyuzi 80 haliiui. Linaifanya iwe kali kuliko ya maharage mabichi. Mtu hutapika na kuharisha ndani ya saa 1 hadi 3. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha kwa nguvu kwenye jiko la pamoja dakika 30, ndipo uhamishie kwenye sufuria ya taratibu. La sivyo tumia ya kopo. Yamekwisha kuiva, chuja, suuza, pasha.

Wali kwenye maikrowevu huiva vizuri kabisa mkifuata kipimo. Mchele kikombe 1 uliooshwa, maji vikombe 2, chumvi, kijiko cha mafuta ili povu lisipande. Bakuli liwe la lita 2 na nusu, kwa sababu wali huzalisha povu na bakuli dogo humwaga wanga wote kwenye sahani ya kioo. Kwa maikrowevu ya wati 700: nguvu yote dakika 6 hadi 8 hadi uchemke, kisha nguvu nusu dakika 12 hadi 14, mfuniko ukiwa na upenyo. Uache ndani dakika 5 bila kufungua. Ukianza na maji yaliyochemka kwenye birika, hatua ya kwanza inapungua hadi dakika 2 au 3. Chemsheni birika kwanza, lizimike, ndipo muwashe maikrowevu, kwa sababu ile ile ya breka.

Wali uliobaki usilale mezani. Mbegu za bakteria wa mchele huvumilia kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Utandaze kwenye chombo kifupi upoe haraka, uingie frijini ndani ya saa 1, ule kesho yake, upashwe mara moja tu hadi utoe mvuke katikati. Friji iwe nyuzi 4. Zile ndogo za chumbani mara nyingi zina kisanduku cha barafu ambacho hakigandishi kikweli, hivyo nyama ya wiki nzima msiitegemee humo.

Yai zima na ganda lake lisiingie maikrowevu, hupasuka, wakati mwingine baada ya kutolewa. Vunja mawili, koroga na vijiko viwili vya maziwa, sekunde 45, koroga tena, sekunde 30 nyingine. Maji ya chai kwenye kikombe laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, kisha yakaruka ukiyagusa. Weka kijiti cha mbao ndani kabla ya kuwasha.

* * *

Jibu:

Mawili ya haraka juu ya yaliyosemwa.

Mafuta yakishika moto kwenye kikaango: zima jiko, funika kwa mfuniko au blanketi la moto lililo ukutani, uache hapo hadi kipoe kabisa. Ukifunua mapema yanawaka upya. Usikibebe kwenda sinki na usimwage maji. Maji huzama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla na kuyarusha yakiwaka. Mafuta yaliyopoa yamwagwe kwenye kopo au chupa na kutupwa takatakani, kwani sinki la jiko la watu wanane huziba haraka.

Na ulizeni ofisi ya makazi mambo haya kabla ya kusaini: je, jiko la pamoja hubaki wazi likizo, wakati ukumbi wa chakula umefungwa? Je, mpango wa kulipia milo ya ukumbi huo ni lazima kwa mwaka wa kwanza hata kwa anayejipikia? Friji inabaki imewashwa likizo, au kila kitu kinachomolewa? Mabweni mengi ya Marekani hutaka kuchomoa. Hapo zima friji saa 24 kabla, acha mlango wazi, weka taulo chini, na ukaushe maji ya barafu kabla ya kukabidhi ufunguo.