Ukitapeliwa kwa simu hasara ibebwe na nani? Mimi nasema mitandao nayo ichangie

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanikera muda mrefu na nataka tulijadili bila kutukanana, maana kila likitajwa watu wanakimbilia kusema "tamaa hiyo" au "ushamba huo" na mjadala unafia hapo hapo.

Swali ni hili. Mtu akitapeliwa kwa simu, ile hasara aibebe nani? Kwa sasa hapa kwetu Tanzania anaibeba aliyetapeliwa peke yake, yote, mpaka shilingi ya mwisho. Mimi nasema hapana, mtandao wa simu uliotuma hela na mtandao uliopokea nao wabebe sehemu yao.

Nianze na lililotokea nyumbani. Mama yangu mdogo ana fremu ya sare za shule kwenye mji mmoja huko Nyanda za Juu Kusini, anauza na kushona. Kodi analipa ya miezi sita, elfu 80 kwa mwezi, kwa hiyo laki 4 na elfu 80 kwa mpigo. Hela alishaikusanya kidogo kidogo kwenye simu na siku ya kulipa ilikuwa inajulikana. Asubuhi ya siku hiyo hiyo ikaingia meseji: "Habari, mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina shida." Basi. Hakuna jina lake, hakuna jina la mwenye nyumba, hakuna kiasi. Akaingiza namba, jina likaja la mwanamke, akajua ni mke wa mzee maana hata mwaka jana kodi ilipita kwa mke, akabonyeza namba ya siri. Saa nne mwenye nyumba mwenyewe anaingia dukani na kitabu chake cha risiti mkononi.

Mimi nilifika mchana. Nilimkuta amekaa juu ya bando la kaptula za khaki, futi ya kupimia bado iko shingoni, simu kaishika kwa mikono miwili anaisoma ile meseji kama vile akiirudia mara nyingi itabadilika. Wateja wanaingia wanatoka hajibu.

Tulipiga huduma kwa wateja, tukasubiri kwenye laini, dada wa watu akatuambia kwa upole kabisa kwamba hela imeshatolewa na hawawezi kufanya kitu, twende polisi. Polisi tukapewa RB, yaani namba ya kuonyesha tumeripoti, tukaambiwa mtandao lazima uandikiwe barua, tukaenda, tukarudi, nauli juu ya nauli. Baada ya wiki tatu jibu likaja kwamba namba imesajiliwa kwa mama mmoja mkulima, mtu mzima wa miaka zaidi ya 60, yuko mkoa mwingine kabisa na ile laini hajawahi hata kuiona. Kesi ikaishia hapo.

Sasa wale wa "ushamba" naomba mnisikilize vizuri. Yule tapeli hakumjua mama mdogo. Hakujua kama ana fremu wala kama leo ni siku yake ya kodi. Yeye hatumii ndoano, anatupa juya, wavu ule mkubwa. Meseji moja inaenda kwa namba nyingi zinazofuatana, na nchi hii wapangaji ni wengi kiasi kwamba lazima kuna mmoja asubuhi hiyo ameshika hela ya kodi anasubiri aambiwe tu. Wengine wote wanaifuta na kucheka, yule mmoja analizwa. Kesho juya lile lile linatupwa kwa maneno mengine: mwalimu wa shule anapiga kwamba mtoto kaanguka yuko hospitali, hela imekuja kwako kimakosa naomba uirudishe, umeshinda promosheni, na ile ya siku zote ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Wewe unayejiona mjanja ni kwamba juya halijakukuta siku yako. Mama mdogo anaendesha biashara zaidi ya miaka kumi, hesabu za duka anazijua kuliko mimi niliyesoma.

Kinachoniuma zaidi ni ile laini. Usajili wa laini hatukuuanza jana, ulianza 2009. Tarehe 1 Mei 2019 ukaja wa alama za vidole na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tukapanga foleni tangu alfajiri mpaka basi, mwisho ukasogezwa hadi 20 Januari 2020 na baada ya hapo zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Moja ya sababu kubwa tulizopewa ilikuwa hii hii, kwamba wahalifu sasa watajulikana kwa sura na jina. Nilikubali na nilijipanga kwa moyo mmoja. Sasa kama kila laini ina kidole cha mtu, matapeli wanatumia vidole vya nani?

Wanatumia vyetu. Nendeni mkaangalie chini ya ile miamvuli. Unaenda kusajili laini, kijana anakwambia weka kidole, unaweka, anaangalia kimashine anasema "hakijashika, weka tena". Unaweka tena. Wewe umeondoka na laini moja, yeye kabaki na nyingine yenye jina lako. Yule kijana analipwa kwa idadi ya laini anazosajili, njaa anayo, mnunuzi wa laini za namna hiyo anamjua. Wazee vijijini ndio wanaoumia sana hapa, maana atakubali kuweka kidole hata mara tano na bado atashukuru. Kama hujawahi, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Jirani yangu alipiga akakuta laini mbili asizozijua, alikosa usingizi siku mbili akifikiria zimefanya nini kwa jina lake.

Huyo kijana wa mwamvuli anafanya kazi kwa faida ya nani? Ya mtandao. Wakala aliyetoa ile laki 4 na ushee bila kuuliza kitambulisho, kamisheni analipwa na nani? Mtandao. Makato ya kutuma na ya kutoa kwenye ile hela ya wizi yameenda wapi? Mtandao ule ule. Yani kila aliyegusa ile hela njiani kapata chochote, isipokuwa mwenye hela. Ndio maana nasema wabebe sehemu, kwa sababu mlango ni wao na funguo wanazo wao.

Na msiniambie haiwezekani. Juni 2016 TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walizima simu feki nchi nzima kwa usiku mmoja, watu tuliamka simu zimekuwa matofali. Kwa hiyo kikihitajika kitu kinafanyika. Ripoti za TCRA zenyewe za kila robo mwaka zimeshataja mara kadhaa kwamba majaribio ya utapeli yanaongoza Rukwa na Morogoro. (Na hapa niombe, tuache kuwatania watu wa Sumbawanga na Ifakara kana kwamba wote ni matapeli, wanaoibiwa vidole huko huko ni wao.) Kama mkoa unajulikana, kwa nini laini mpya inayotuma meseji mia kwa saa kutoka eneo hilo isisimamishwe kwanza ikaulizwa? Ile namba ya 15040 ya kutuma namba na meseji za matapeli ni kitu kizuri, mimi naitumia, ila inafungia laini tu. Tapeli anatupa laini anachukua nyingine, hela ya mama mdogo hairudi.

Lile genge la vijana la Panya Road walipovamia nyumba za watu Dar mwaka 2022, wakaua, nchi nzima ilisimama, operesheni ikafanyika usiku na mchana. Sawa kabisa, damu ilimwagika. Ila wizi wenyewe umehama wakuu. Kibaka aliyekuwa anakwapua pochi Kariakoo sasa anakaa kitandani na simu tatu, na akikwapua simu yako anachotafuta ni ile laini na kilichomo ndani yake kuliko kioo. Mtaani mwizi wa kuku bado anapigwa hadi kuchomwa moto, jambo ambalo silikubali hata kidogo, lakini aliyechukua mtaji wa mwanamke kwa meseji moja hakuna hata anayemtafuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, udanganyifu wa kwenye kompyuta umo ndani, lakini muulize mtu yeyote kijiweni sheria ile anaijua kwa lipi, atakwambia watu kushtakiwa kwa kumsema Rais mtandaoni.

Wenzetu Uingereza tangu 7 Oktoba 2024 benki zinalazimika kumrudishia mteja aliyedanganywa akatuma hela mwenyewe, mpaka pauni 85,000, kwa kawaida ndani ya siku tano za kazi, na gharama inagawanywa nusu kwa nusu kati ya iliyotuma na iliyopokea. Hiyo ya iliyopokea nayo kulipa ndio muhimu kuliko zote, kwa sababu inamfanya anayefungulia tapeli akaunti aanze kuona uchungu. Hapa kwetu mtandao uliopokea hauna hasara yoyote, utaumiza kichwa kwa lipi?

Najua hoja za upande wa pili na baadhi zina uzito. Kuna rafiki yangu ni wakala, ananiambia ukiweka hiyo sheria watu watajitapeli wenyewe, kaka anamtumia mdogo wake halafu analia arudishiwe. Kweli wapo. Lakini hata kule Uingereza aliyezembea kupita kiasi hafidiwi, na benki inaruhusiwa kukata pauni 100 za mwanzo. Hapa tuseme arudishiwe nusu, na awe ameripoti ndani ya masaa 24 akiwa na RB. Nani atatengeneza wizi wa uongo ili apate nusu ya hela yake mwenyewe na kesi ya jinai juu?

Hoja nyingine, kwamba gharama itarudi kwetu kwenye makato. Hii inanisumbua na sina jibu la kuimaliza. Tuliona tozo za serikali kwenye miamala ya simu za 2021 watu walivyokimbilia kubeba hela mfukoni. Ila nikipima, ni bora wote tuongezewe kidogo kuliko mmoja afunge duka, kama ambavyo bima ya gari tunalipa wote na anayegongwa ni mmoja.

Nina jingine ambalo halihitaji hela kabisa. Ukituma zaidi ya laki 2 kwenye namba ambayo hujawahi kuitumia hata siku moja, hela ionekane imefika ila isitoleke kwa saa moja. Mtaniambia vipi kama mgonjwa yuko hospitali? Hospitali nyingi na maduka ya dawa siku hizi wana lipa namba, hizo ziachwe zipite papo hapo. Mama mdogo alituma saa tatu, mwenye nyumba akaingia saa nne kasoro dakika chache kumbe hela ilishatolewa kitambo. Kwa saa hiyo moja angekuwa na kodi yake.

Ilibidi akope kikoba kulipa ile kodi, marejesho yanaisha mwezi wa kumi. Meseji hajaifuta, na namba ile nikiipiga haipatikani tena.

Mliowahi kurudishiwa hata nusu, elezeni mlipitia njia gani. Na kama kuna wakala au mtu wa ndani ya hizi kampuni anaona ile saa moja haiwezekani, aniambie inakwama wapi.