Mrejesho: yule mratibu wa harusi tulimchukua

Wapendwa nimerudi. Niliwauliza kama tumlipe mratibu au kila kitu tuiachie kamati, maana michango ilikuwa inasuasua na mama alisema hiyo hela bora iongezwe kwenye msosi. Basi tukamchukua wa siku yenyewe tu, laki 5, mipango mingine ikabaki kwa kamati, na jamani sijutii hata shilingi.

Saa 12 jioni sisi tuko ufukweni tunapiga picha hatuna habari, kumbe mpambaji hajamaliza meza kuu na gari la vinywaji limekwama kwenye foleni Mbagala, yule dada mratibu na kidaftari chake anapiga simu moja baada ya nyingine, akamwambia MC arefushe utambulisho wa familia huku kreti zinaingizwa mlango wa nyuma. Nimeyajua kesho yake.

Kilichonigusa zaidi ni mama. Kwenye sendofu yangu alishinda jikoni anahesabu sahani, picha nyingi hayupo, safari hii alikaa kwenye kiti chake mpaka keki inakatwa.

Ila mratibu mpeni mapema namba za mpishi, DJ na mpiga picha, sisi tulimpa siku 2 kabla akalalamika, na alikuwa na haki. Asante sana uliyesema tuandikishane mkataba.