Mjadala: Kuna haja gani ya vyuo vyetu kufuga nzi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila bajeti inapojadiliwa hoja hii huibuka: zahanati hazina dawa, iweje fedha ya umma igharimie mtu wa kuharibu jeni za nzi wa matunda, hawa wanaozunguka ndizi mbivu, ili aone kitakachotokea? Si kwetu tu. Mwaka 2008 Sarah Palin, aliyekuwa akigombea umakamu wa rais Marekani, aliwakebehi watafiti wa nzi jukwaani.

Mimi nasema fedha itolewe. Chukueni jeni moja, doublesex. Mwaka 1965 iliripotiwa kwa nzi kwamba ikiharibika, majike na madume wote hutoka na maumbile mchanganyiko. Malaria haikuwa hoja hapo. Baadaye ikabainika kuwa ujumbe wake wa RNA, yaani nakala ya maelekezo ya jeni, huungwa kivyake kwa jike na kivyake kwa dume. Mbu aina ya Anopheles gambiae, anayeeneza malaria, naye anayo. Basi mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London wakalenga kipande kinachotumiwa na jike peke yake, kwa mkasi wa CRISPR, yaani kifaa cha kukata jeni, unaorithiwa na karibu watoto wote badala ya nusu. Jike mwenye nakala mbili zilizoharibiwa hang'ati wala hatagi. Dume hana shida, anaendelea kusambaza. Katika vizimba viwili mkasi ulifika kwa mbu wote, kimoja katika kizazi cha 7, kingine cha 11, kisha mbu wakaisha kabisa.

Bila wale nzi, nani angejua pa kukata?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umefundisha vizuri ila swali umelikwepa. Kazi hiyo wameshaifanya wenzetu na majarida tunasoma. Turudie ya nini? Mama anayefika zahanati na mtoto mwenye homa anataka kipimo na dawa mseto leo, si kizazi cha 11.

Mchangiaji wa pili

Tusikuze gharama jamani. Nzi anakula uji mzito wa unga wa mahindi, hamira na molasesi ndani ya chupa, na kizazi kipya kinatoka baada ya siku kama 10. Pale Ishaka, Uganda, shirika la kufundisha sayansi la TReND in Africa walianza mwaka 2011 kufundisha kwa nzi hao hao. Hela hiyo haitanunua dawa za mkoa.

Mleta mada

Wa kwanza, huyo mama simbishii, dawa yake ije kwanza. Ila kuna uamuzi unaotujia ambao kusoma majarida hakutoshi. Bagamoyo, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameshatengeneza, ndani ya maabara, mbu waliowekewa jeni za kuzuia vimelea vya malaria. Burkina Faso serikali ilisimamisha mradi wa Target Malaria wa mbu waliobadilishwa jeni Agosti 2025. Siku swali la kuwaachia mbu likifika kwetu, nani atalijibu?

Tena ule mkasi wa CRISPR una udhaifu. Mara nyingine mahali palipokatwa hujiunga vibaya, herufi za jeni zikabadilika, na mkasi haupatambui tena. Mbu huyo akizaana, mpango mzima umekwama. Kumgundua mapema kunataka watu wa kukamata mbu Kilombero, kusoma jeni zao na kujua badiliko lipi ni la hatari na lipi si kitu. Ujuzi huo mwanafunzi huanza kuupata kwa kuharibu jeni ya nzi kwa mkono wake na kuangalia mabawa, macho na mayai vimekuwaje. Wa kwanza, wewe ungemfundishia wapi?

Mchangiaji wa kwanza

Kwenye mbu moja kwa moja, mkuu. Hapo pesa naunga mkono.